MOTO HAUKAI BILA KUNI
Habari za Uamsho wa Uganda na Rwanda, na mafundisho yake kwa mwaka wa Jubilei

Ndugu wasomaji, katika kitabu hiki cha Jubilei wengine wamepewa kazi ya kueleza habari za majengo: kanisa lipi lilijengwa mwaka gani, shule zilianzaje, na waliobatizwa ni wangapi. Hizo ni habari njema, nasi twazisoma kwa shukrani. Sisi tumepewa kazi nyingine, ambayo haina daftari. Tumeambiwa tuandike habari za bidii ya moyo: jinsi inavyowaka, jinsi inavyopoa, na jinsi inavyowashwa tena. Daftari la ubatizo hutuonyesha majina, lakini halituonyeshi joto. Mtu aweza kuwa na jina lake katika daftari miaka arobaini, na moyo wake ukawa umepoa tangu mwaka wa pili.

Basi tumeona si vema kuwapa wasomaji maonyo matupu, maana maonyo mmeyasikia mengi kila Jumapili. Afadhali tutazame mambo yaliyotendeka kweli. Nasi tumechagua habari za majirani zetu, Kanisa la Uganda na Kanisa la Rwanda, kwa sababu moto uliowaka kwao katika miaka ya 1930 ulivuka mipaka ukafika Kenya na Tanganyika, na hata leo katika vijiji vingi twasikia wimbo wa Kiganda wa Tukutendereza ukiimbwa na watu wasiojua Kiganda. Wengi wauimba, walio wachache ndio wajuao ulitoka wapi.

Jinsi baridi inavyoingia

Wamisionari wa kwanza wa CMS walifika Buganda, kwa Kabaka Mutesa, mwaka 1877. Watu wa kwanza wa kazi yao walibatizwa mwaka 1882. Haikupita miaka mitatu, Mutesa akawa amekufa na mwanawe Mwanga ametawala, na mateso yakaanza. Tangu mwaka 1885 hata 1887 vijana wa Kianglikana na wa Kikatoliki waliuawa kwa ajili ya imani, na wengi wao walichomwa moto pamoja huko Namugongo, tarehe 3 Juni 1886. Mtu angedhani ya kuwa kanisa lililozaliwa katika dhiki ya namna hii halitapoa kamwe.

Lakini mwaka 1893, yaani miaka saba tu baada ya Namugongo, baridi ilikuwa imekwisha kuingia. Vita vya dini vilikuwa vimepita, na upande wa Waprotestanti ulikuwa umepata nguvu katika nchi. Watu walikuja kwa wingi kujifunza kusoma, wakabatizwa, na ulevi na uzinzi ukabaki nyumbani mwao kama zamani. Wakati huo alikuwako mmisionari mmoja, George Pilkington, mtu wa elimu kubwa, aliyekuwa akitafsiri Biblia kwa Kiganda. Mkristo mmoja alimjia akaomba itangazwe kanisani ya kuwa yeye ameiacha dini, kwa sababu ameisoma miaka mingi wala hakuona faida yake. Neno hili lilimchoma Pilkington. Hakuanza kumhukumu yule mtu. Alianza kujichungua mwenyewe. Akaenda katika kisiwa cha Kome, katika Ziwa Viktoria, akakaa huko akisoma na kuomba, na kijitabu cha mwinjilisti mmoja Mtamil wa nchi ya India kikamwonyesha ya kuwa alikuwa akiifanya kazi ya Mungu kwa nguvu zake mwenyewe.

Aliporudi Mengo, Desemba 1893, yeye na wamisionari wenzake walianza kwa kuungama upungufu wao mbele ya Waganda. Ndipo mikutano ikafanywa siku baada ya siku, na watu wengi, hata wakubwa wa nchi, wakatubu. Tena matunda yake yalionekana katika jambo linaloweza kuhesabiwa. Vile vibanda vya kusomea na kusali vilivyokuwa mashambani, ambavyo Waganda waliviita masinagogi, vilikuwa kama 20. Mwisho wa mwaka 1894 vilikuwa kama 200. Katika kila kibanda alikaa mwalimu aliyefundisha watu kusoma Injili kila siku. Ndiyo sababu katika Kiganda neno la kusoma likawa ndilo neno la kushika dini, na Wakristo wakaitwa wasomaji.

Tazameni, ndugu, namna Pilkington na Waganda walivyofanya. Machozi ya Desemba hayakuachwa yakauke bure. Yaligeuzwa kuwa vibanda, na masomo ya kila siku, na mwalimu mmoja kwa kila kijiji. Biblia nzima ya Kiganda ilikamilika mwaka 1896. Pilkington mwenyewe aliuawa Desemba 1897, katika maasi ya askari Wasudani, lakini vibanda vile havikufa pamoja naye.

Hata hivyo baridi iliingia tena mara ya pili, na safari hii iliingia kwa mlango wa heshima. Kwa Mapatano ya mwaka 1900 machifu wa Buganda walipewa mashamba makubwa, na walio wengi katika hao walikuwa Wakristo. Jina la Kikristo likawa njia ya kupata shule, na shule njia ya kupata kazi, na kazi njia ya kupata cheo. Hakuna aliyechomwa moto tena kwa ajili ya Kristo. Kidogo kidogo ikawa kwamba mtu aliyebatizwa aweza kuoa wake wawili, na kulewa, na kuwadhulumu maskini, na bado akakaa katika kiti cha mbele kanisani. Miaka ilipofika 1920 na kitu, kanisa lilikuwa kubwa, lenye makasisi na kathedrali juu ya kilima cha Namirembe. Na wazee waliowakumbuka mashahidi walianza kuulizana moto umekwenda wapi.

Watu wawili na Biblia

Katika mwaka 1925 kazi ya misioni ilianzishwa Gahini, katika Rwanda ya mashariki, juu ya kilima kinachotazama Ziwa Muhazi. Palikuwa na hospitali, shule, na kanisa. Daktari Joe Church, Mwingereza, alifika huko mwaka 1928, na mara njaa kuu ikaipiga nchi ile, mwaka 1928 hata 1929. Watu wenye njaa walikuja Gahini kwa makundi, na wengi walikufa njiani. Daktari alifanya kazi mchana na usiku hata akachoka mwili na roho. Mnamo Septemba 1929 akaenda Kampala kupumzika, akiwa mtu mwenye cheo cha mmisionari na moyo uliokauka.

Huko Namirembe alikutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi. Mtu huyu alisoma shule ya Budo, akatumika katika vita ya 1914 hata 1918, kisha akapata kazi nzuri ya serikali katika idara ya afya. Alikuwa ametamani sana kupelekwa ng'ambo kusoma, akanyimwa nafasi, na huzuni ya jambo hilo ndiyo iliyomfanya ajiulize kama uzima wa milele waweza kulinganishwa na elimu ya Ulaya. Tangu hapo alianza kumtafuta Mungu kwa bidii. Baadaye aliiacha kazi yake ya serikali na kwenda miguu mitupu, amevaa kanzu, akiwashuhudia watu njiani hapo Namirembe.

Watu hawa wawili, Mwafrika na Mzungu, walikaa pamoja siku mbili na Biblia zao. Walifuata mafundisho ya Maandiko juu ya Roho Mtakatifu, fungu kwa fungu, wakaomba pamoja. Hapakuwa na mkutano, wala ngoma, wala mhubiri wa sifa. Siku hizo, katika nchi iliyotawaliwa na Wazungu, kukaa kwao tu namna hiyo, kila mmoja akimwambia mwenzake uhitaji wa moyo wake, lilikuwa jambo geni. Walio wengi wanaoandika historia ya Uamsho wa Afrika Mashariki huihesabu siku ile kuwa mwanzo wake.

Lakini angalieni sana: moto haukuwaka siku ile. Daktari alirudi Gahini na furaha mpya, na mambo yakawa magumu kuliko kwanza. Hospitalini palikuwa na manung'uniko. Mkuu wa watumishi wa hospitali, Yosiya Kinuka, hakupatana na daktari, akataka kuiacha kazi. Akaenda Kampala kumwona Nsibambi. Nsibambi akamwuliza kwa nini hospitali ile ina hali mbaya, naye Kinuka akataja makosa ya daktari. Nsibambi akamgeuzia neno, akamwonyesha ya kuwa ubaya wa hospitali ulikuwa umeanzia katika moyo wake yeye Kinuka. Alipokuwa akirudi njiani, mtu yule alivunjika moyo mbele ya Mungu. Akafika Gahini akiwa mtu mpya, akapatanishwa na daktari na wenzake. Mwisho akawa kasisi, na mmoja wa nguzo za Uamsho.

Kwa muda wa miaka minne kazi ya Gahini iliendelea namna hiyo. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa amekuja Rwanda kufundisha, akawa mkuu wa shule ya wainjilisti. Watu wachache waliamka alfajiri kusoma na kuomba. Walipokosana, walitengeneza. Hata mwisho wa Desemba 1933 walimu na wainjilisti wakakusanyika Gahini kwa mkutano wa siku chache, na mafundisho yakapita kama kawaida. Siku ya mwisho, walipokuwa wakiomba, mtu mmoja alisimama akaanza kuungama dhambi yake waziwazi. Kisha mwingine, kisha mwingine, hata mara nyingine watatu wakawa wamesimama pamoja, na jambo hilo likaendelea kwa saa mbili na nusu. Kuni zilikuwa zimepangwa tangu mwaka 1929.

Maswali matatu ya Blasio Kigozi

Tangu hapo habari zilienea. Mwaka 1935 kundi la Gahini lilialikwa Kabale, katika Kigezi, na watu wengi wakatubu. Nchi ile ikajaa nyimbo na maombi ya usiku. Blasio Kigozi, aliyekuwa amefanywa shemasi, alijitenga kwa siku kadha katika kibanda chake kuomba, kwa sababu aliuona ubaridi wa wanafunzi wake akajua hawezi kuwapa joto asilo nalo. Alipotoka, maneno yake yalikuwa na nguvu nyingine. Neno lake kuu lilikuwa ni Zukuka, maana yake Amka.

Mwezi Januari 1936 alikwenda Kampala kuhudhuria Sinodi ya Kanisa la Uganda. Alikuwa ameandaa maswali matatu. La kwanza: ni nini sababu ya ubaridi na ufu katika Kanisa la Uganda? La pili: kwa nini watu wanaojulikana kuwa wakaa katika dhambi waruhusiwa kuikaribia Meza ya Bwana? La tatu: tufanye nini ili Kanisa la Uganda lipate uamsho? Kabla ya kuyasema mbele ya Sinodi alishikwa na homa ya papasi, akafa Kampala mwezi ule ule. Lakini kufa kwake hakukuyanyamazisha maswali yake. Askofu Stuart aliyapokea. Na Kanisa la Uganda lilipotayarisha Jubilei ya miaka 60, iliyokuwa mwaka 1937, neno la Blasio likafanywa neno la misioni iliyohubiriwa katika nchi nzima.

Hili twapenda lifikiriwe sana na sisi tunaofanya Jubilei. Kanisa lile lilipofikisha miaka 60 lilikuwa na mengi ya kujisifia: lilikuwa na mashahidi, na Biblia, na hospitali ya Mengo, na shule za sifa. Juu ya hayo yote lilikubali kuulizwa na shemasi kijana kwa nini limepoa.

Namna walivyoutunza moto

Watu walioguswa na Uamsho waliitwa Walokole, maana yake waliookoka. Twaweza kuuliza: moto wa mikutano huwaka na kuzimika kama moto wa mabua, imekuwaje huu ukadumu miaka mingi hata kuwafikia wajukuu? Jibu ni kwamba walikuwa na desturi chache, walizozishika kwa saburi.

Ya kwanza ilikuwa kusoma Neno kila siku, mapema, kabla ya kazi, kila mtu na Biblia yake kama aliweza kuipata. Hawakusoma ili kutayarisha hotuba. Walisoma ili kuulizwa.

Ya pili waliiita kutembea nuruni. Mtu aliyetenda kosa hakulificha mpaka likaoza. Alilisema mapema, kwa Mungu na kwa ndugu. Wazungu nao waliwaungamia Waafrika kiburi chao, na Waafrika waliwaungamia Wazungu chuki yao. Na Mhutu na Mtutsi walipiga magoti pamoja.

Ya tatu ilikuwa kurudisha. Aliyeiba alirudisha, ikiwa ni ng'ombe, au fedha, au vitu vya kazini. Aliyesema uongo alikwenda kwa yule aliyemdanganya. Wakubwa wengine wa serikali walistaajabu kuona watumishi wakileta mali ambayo hakuna aliyejua kwamba imepotea. Nasi twaona ajabu ya lugha yetu wenyewe katika jambo hili. Twasema mtu amerudi nyumbani. Twasema pia mzazi amemrudi mtoto wake, yaani amemtia adabu. Na kitu kilichochukuliwa twasema kirudishwe. Neno ni moja. Bidii iliyokwenda mbali haiji kwa kuitwa kwa sauti kuu. Hurudi kwa njia ya marudi, na kwa kurudisha yaliyo ya watu.

Ya nne ilikuwa ushirika. Kila juma, siku iliyopangwa, chini ya mti au barazani mwa mtu, ndugu walikutana kusoma, kuomba, na kuulizana hali za mioyo. Hapo karani alikaa karibu na mpishi, na mke wa kasisi karibu na mjane asiyejua kusoma, na wote walisikilizwa sawa. Wazee wetu walisema jifya moja haliinjiki chungu. Mtu aliyeokoka peke yake na kukaa peke yake hudumu muda mfupi, lakini watatu wakisimama pamoja chungu kitachemka.

Desturi hizi zote hazihitaji fedha, wala elimu ya juu, wala ruhusa ya askofu. Ndiyo maana zilivuka mipaka upesi. Mwaka 1937 kundi la Rwanda na Uganda lilifika Kabete, katika Kenya. Mwaka 1939 lilifika Katoke, katika Tanganyika, mahali palipokuwa na chuo cha walimu. Kwa ndugu Walutheri wa Bukoba nako moto ulifika. Na Josiah Kibira, aliyekua katika Uamsho huo, akawa askofu wao mwaka 1964, na baadaye rais wa Shirikisho la Walutheri la dunia nzima, tangu 1977 hata 1984.

Hatari za pande mbili

Si haki kuandika mema peke yake. Moto ukitoka mekoni huunguza nyumba, na Uamsho nao ulikuwa na siku zake za shida. Mwaka 1941, katika chuo cha kanisa cha Mukono, wanafunzi Walokole walikuwa wakiamka kabla ya mapambazuko kuomba na kuhubiri juu ya dhambi za chuo, na sauti zao ziliwasumbua wengine. Wakuu wakawakataza, wao wakaona ya kuwa hawawezi kuacha, na wanafunzi 26 wakafukuzwa, mmoja wao William Nagenda. Watu wengi walidhani kanisa litapasuka. Walokole walisema wakubwa wamepoa; wakubwa walisema Walokole wana kiburi. Kila upande ulikuwa na neno la kweli juu ya mwenzake.

Kanisa halikupasuka. Askofu Stuart alifanya kazi ya kupatanisha kwa saburi nyingi, na Walokole walio wengi wakaamua kukaa ndani ya kanisa lililowakemea. Nagenda hakupata kuwa kasisi. Alihubiri akiwa mtu wa kawaida maisha yake yote, katika Afrika na katika nchi za mbali. Mwaka 1945 maelfu walikusanyika tena Kabale, miaka kumi baada ya mkutano wa kwanza, na wenye kugombana zamani wakaonekana wameketi pamoja.

Hatari ya pili haina kelele, nayo ni mbaya zaidi. Desturi njema yaweza kubaki wakati moyo wake umetoka. Kuungama kwaweza kuwa maneno ya kukariri. Mtu aungama dhambi ndogo zilizozoeleka ili asiguswe katika ile kubwa. Ushirika waweza kuwa kikao cha kuhukumu mavazi ya wengine. Wimbo waweza kuwa salamu tu. Hapo adabu ya kiroho imekuwa mzigo, na kijana auonaye mzigo bila furaha ataukimbia, wala tusimlaumu yeye peke yake.

Siku za kujaribiwa

Mtu akitaka kujua kama kuni zilikuwa kavu, na atazame siku za mvua. Katika Kenya, tangu mwaka 1952, wakati wa vita vya Mau Mau, ndugu wengi wa Uamsho katika Wakikuyu walikataa kula kiapo, kwa kuwa walisema wamekwisha kunywa kikombe cha damu ya Kristo. Baadhi yao walikataa pia kushika silaha upande wa serikali. Walichukiwa na pande zote mbili, na wengine waliuawa. Katika Rwanda, Kasisi Yona Kanamuzeyi wa Nyamata aliwatunza wakimbizi wa Kitutsi, akachukuliwa usiku na kuuawa, Januari 1964. Katika Uganda, Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeokoka katika Uamsho mwaka 1948 akiwa mwalimu kijana, alisimama mbele ya Idi Amin kuwatetea watu wake, akauawa tarehe 16 Februari 1977. Hawa hawakujifunza ushujaa siku ile walipokamatwa. Walikuwa wamezoea kwa miaka mingi kusema kweli katika mambo madogo, hata siku ya jambo kubwa ilipokuja ulimi wao ulijua njia.

Lakini imetupasa tuandike na jambo lingine, ijapokuwa kalamu yasita. Mwaka 1994, tangu Aprili hata Julai, katika Rwanda ile ile, mamia ya maelfu ya watu, wengi wao Watutsi, waliuawa na watu wa nchi yao. Wauaji wengi walikuwa wamebatizwa. Watu waliuawa hata ndani ya makanisa walikokimbilia, na viongozi wengine wa makanisa ya namna zote walinyamaza, au walifanya vibaya kuliko kunyamaza. Wako waliowaficha jirani zao na kufa pamoja nao, na kati yao walikuwako watu wa ushirika. Ila nchi iliyosifiwa duniani kwa Uamsho haikuokolewa na sifa hiyo.

Twalieleza jambo hili kwa huzuni, wala si kwa kuwahukumu wenzetu, maana ubaguzi wa kabila haukosi kwetu. Twalieleza kwa kuwa linatufundisha neno ambalo Jubilei yaweza kutusahaulisha. Moto aliouota babu haumpashi mjukuu joto. Wale waliopiga magoti pamoja mwaka 1933, Mhutu na Mtutsi, waliungama chuki kila mmoja kwa kinywa chake. Watoto wao walirithi nyimbo. Kuungama hakurithiwi, kila kizazi chaanza chenyewe, na dhambi ile isiyotajwa katika ushirika ndiyo itakayoketi mlangoni kungojea siku yake.

Neno kwa walimu na kwa usharika

Basi, enyi walimu wenzetu, na ninyi wazee wa kanisa, na akina mama wa umoja, tufanye nini? Hatuwashauri ninyi kutafuta machozi, wala kuiga mikutano ya Gahini, kama kwamba Mungu amefungwa na namna moja. Twawashauri kuzipanga kuni.

Mwalimu na asome Neno asubuhi kwa ajili ya nafsi yake kabla ya kulisoma kwa ajili ya darasa. Katika nyumba na pawe na sala ya jioni, hata ikiwa fupi, ambayo mtoto aweza kumsikia baba yake akiomba msamaha kwa jina la kosa lake. Kabla ya kuikaribia Meza ya Bwana, mwenye deni na alipe anachoweza, na aliyekosana na jirani na aende kwake kwanza. Ndugu wawili au watatu wakutane kila juma siku ile ile, mvua inyeshe isinyeshe. Na katika kukutana huko tusiogope kutaja dhambi ya kabila na ya mali na ya cheo, ambayo kwa kawaida twaipita tukikimbilia dhambi ya pombe.

Mambo haya yataonekana madogo. Lakini Daktari Church na Nsibambi walikuwa wawili tu, na siku zao zilikuwa mbili.

Tena tukumbuke asili ya neno Jubilei. Katika Torati, mwaka wa hamsini ulikuwa mwaka wa kurudisha: shamba lilirudi kwa mwenyewe, na mtumwa alirudi kwa jamaa yake. Na tarumbeta ya mwaka ule haikupigwa siku ya karamu. Ilipigwa siku ya kumi ya mwezi wa saba, ndiyo Siku ya Upatanisho, siku ya watu wote kufunga na kujinyenyekeza kwa ajili ya dhambi zao. Kwanza watu walitubu. Ndipo tarumbeta ikalia. Ndipo mali ya watu ikarudishwa. Kwa hiyo usharika utakaotaka kuishika Jubilei hii kwa haki, kabla ya kuchinja ng'ombe na kupamba kanisa kwa matawi, na utafute yaliyo ya kurudishwa, na mtu wa kuendewa, na neno lililofichwa muda mrefu. Na Mungu aliyewasha moto Kome na Gahini, awashe na kwetu, kwa utukufu wa jina lake. Amina.